Makazi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, Kasarani: jikoni safi, usiku mashaka

Ukumbi unang'aa, lakini usihukumu kwa vigae. Omba kuona karatasi za dawa. Hapa kila dozi ya dawa ya kifafa ina saa na sahihi ya aliyeitoa, isipokuwa wikendi: nafasi tupu, na mhudumu wa zamu hajui kama ilinywewa au ilisahaulika. Dozi zikirukwa degedege huweza kurudi, kwa hiyo hilo si kosa la makaratasi tu.

Jikoni wanastahili sifa. Anayepaliwa haraka hupewa ugali laini uliolowekwa mchuzi na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kabisa, kisha huketi wima nusu saa. Nani amepata choo na nani hajapata nako huandikwa daftarini kila siku. Wengine huona kichekesho, ila asiyeweza kusema tumbo linamuuma anaweza kufikishwa hospitali utumbo umeshaziba.

Nguo ndizo aibu. Zikitoka kwenye kamba hurundikwa kikapu kimoja, na kila mtu huvishwa inayomtosha. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima. Alama ya uzi kwenye kola ingetosha kuanzia.

Usiku kuna mhudumu mmoja kwa ghorofa mbili. Akimbadilisha mtu shuka juu, nani atamsikia anayeanguka chini?

Ada hulipwa kila mwezi, nepi na usafiri wa kliniki kando. Dai mchanganuo kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.