Ekstensheni tatu za Kariakoo, saluni moja: uzoefu wangu

Nina saluni ndogo ya kike Tabata. Chumba nilichopanga kina soketi mbili tu, tena zote ukuta mmoja, wakati mimi nina draya ya kukalia, hendi draya, pasi ya nywele, jagi la kuchemshia maji, feni, na simu za wateja ambazo hazijawahi kuingia mlangoni zikiwa na chaji. Bila ekstensheni hakuna kazi. Nimeshatumia tatu, zote nimenunua Kariakoo, zote zimetengenezwa Uchina, kila moja na bei yake. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa saluni, wa vibanda vya chipsi, wa stesheni za kutoa kopi, na yeyote anayechomeka kitu cha moto kwenye waya wa bei ya chini.

Ya kwanza niliuziwa elfu nane. Nyeupe, matundu sita ya yale yanayokubali plagi ya aina yoyote, kila tundu na swichi yake nyekundu, waya wa mita tano. Kwenye boksi wameandika 13A, 250V, 3000W, alama ya CE, na "Made in China". Basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna jina la mwagizaji, hakuna namba ya toleo. Nikamuuliza kijana wa dukani kuhusu warantii.

"Dada angu, hii ndiyo inayotoka. Saluni zote wanachukua hii." Akaichomeka, akaweka balbu, ikawaka. "Umeona? Warantii yetu ni hapa hapa. Ukishavuka barabara tumeachana salama."

Tulicheka wote, ila hakuwa anatania. Huo ndio utaratibu wa vitu vingi vya umeme vya bei hiyo: unapimiwa dukani, na kipimo chenyewe ni balbu ya wati chache. Balbu itawaka hata kwenye uzi mwembamba. Hiyo haikuambii chochote kuhusu siku utakayochomeka draya.

Kwa simu na feni haikuwa na shida. Shida ilikuja na draya. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa chini ya draya na rola zake kichwani, akaniita: "Mwanangu, kuna kitu kinaungua, na si nywele zangu." Kweli, harufu ya plastiki iliyopata moto ilikuwa imeshajaa chumbani. Nikagusa waya, umelainika mkononi. Nikagusa plagi, haishikiki. Plastiki iliyozunguka pini moja ilikuwa imegeuka kahawia na kuanza kuvimba. Nikazima ukutani. Na katika muda wote huo main swichi haikushtuka hata kidogo, ndicho kilichoniogopesha kuliko ile harufu.

Nilimpelekea mzee mmoja jirani yetu, fundi umeme wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akatoa bisibisi. Niliyoyaona pale mezani nayaeleza kama yalivyokuwa.

Plagi ina pini tatu kama plagi zetu zote. Ndani, pini ile kubwa ya juu, ya ethi, haina waya wowote. Ipo kwa ajili ya kuingia kwenye tundu tu. Akaukata waya wenyewe: badala ya nyaya tatu, laivu, nyutro na ethi, zilikuwa mbili. Kwa hiyo matundu yote sita yana nafasi ya ethi na hakuna ethi. Jagi langu lina mwili wa chuma. Siku koili yake ikivuja umeme kwenye ule mwili, njia ya kwenda ardhini haipo, na njia itakayopatikana ni mkono wangu uliolowa.

Fyuzi pia haikuwepo. Mahali pa fyuzi walikuwa wameunganisha moja kwa moja kwa kipande cha bati. Na ule waya ulioonekana mnene kwa nje ulikuwa mnene kwa sababu ya plastiki. Ndani kulikuwa na vijinyuzi vichache, rangi ya shaba. Mzee akavikwangua kwa kisu: chini ya ile rangi, vyeupe. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu inapitisha umeme, lakini kwa unene uleule inapitisha kama asilimia 60 tu ya inachopitisha shaba, na kilichobaki unakilipa kwa joto. Mwisho akachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaisogeza kwenye pini za plagi. Zikanasa. Pini za shaba nyeupe hazinasi sumaku. Hizi zilikuwa chuma kilichopakwa rangi.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa uliuziwa boksi."

Nikamuuliza kuhusu main swichi, kwa nini ilikaa kimya. Jibu lake ndilo ningependa kila mwenye biashara alishike. Brekta ya soketi, yaani ile swichi ya kwenye main swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi, kwenye nyumba nyingi ni ya ampea 20 au 32. Kazi yake ni kulinda waya ulio ukutani, ambao ni mnene. Haijui kwamba mbele ya soketi umeunganisha uzi. Waya wa ekstensheni wenye unene wa nusu milimita ya mraba unastahili ampea 3. Draya ya wati 1200 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta zaidi ya ampea 5. Kwa brekta hizo ampea 5 ni kama hakuna kitu, hivyo haishtuki, na waya mwembamba unaendelea kuiva. Anayetakiwa kuulinda waya wa ekstensheni ni fyuzi iliyo ndani ya plagi. Plagi hii ya pini tatu bapa tumeirithi kwa Waingereza, ambao kiwango chake walikitoa 1947, na tangu mwanzo iliundwa iwe na fyuzi yake yenyewe kwa sababu nyaya za kwenye kuta zao zilikuwa zinalindwa na fyuzi kubwa. Ukiitoa ile fyuzi ndogo, umetoa ulinzi wote na kuacha umbo.

Na joto haliongezeki sawasawa na mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, joto kwenye waya linakuwa mara nne. Ndiyo maana kitu kinachofanya kazi vizuri miezi na miezi kwenye televisheni kinaungua siku moja kwenye jagi. Ukiuacha waya umejiviringisha chini ya meza, kama wengi tunavyofanya ili usituangushe, joto halina pa kutokea.

Ya pili nilinunua elfu kumi na nane, duka jingine, kwa maneno matamu ya "hii OG, siyo kopi". Ni nzito zaidi mkononi. Safari hii niliomba kifunguliwe kifuniko cha plagi palepale, na muuzaji, baada ya kununa kidogo, akafungua. Fyuzi ipo. Nyaya tatu zipo, na ethi imeshikwa kwenye pini yake. Nikalipa. Nyumbani tulipoukwangua waya, aluminiamu tena, ila mnene kidogo kuliko ule wa kwanza. Tatizo lake kubwa limekuwa matundu. Yale matundu ya kila plagi hayabani plagi yoyote sawasawa. Baada ya kuchomoa na kuchomeka kwa muda yamelegea, na ukiigusa pasi ya nywele ikiwa kazini unasikia cheche ndani. Halafu hayana kile kizuizi cha ndani kinachofunga tundu mpaka pini ndefu ya ethi iingie kwanza. Mtoto anaweza kuingiza msumari au pini ya nywele, na saluni zetu mnazijua, watoto wanakuja na mama zao na pini za nywele ziko sakafuni. Hii nimeihamishia nyumbani kwa televisheni na king'amuzi, juu ya kabati. Kwa kazi hiyo inatosha, siidai zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyopo saluni sasa. Elfu thelathini na nane, na nilipotajiwa bei niliguna. Niliipata kwenye duka ambalo wateja wake wengi ni mafundi, ambako muuzaji alinikabidhi bisibisi kabla sijaomba. Kwenye waya wenyewe, kila baada ya hatua, pamechapishwa unene wake: nyaya tatu za milimita 1.25 za mraba, ambao ndio unene wa kubeba ampea 13. Tulipokwangua, shaba mpaka ndani. Matundu manne tu, ya pini bapa, yenye vizuizi vinavyofanya kazi. Fyuzi inatoka na kubadilishwa. Sumaku haikunasa. Boksi lina jina la mwagizaji na anwani yake hapa Dar, namba ya toleo, na nilipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kuomba. Na hii pia imetoka Uchina.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu kila nikisimulia, mtu atasema "vitu vya Mchina hivyo". Nina mteja anayekwenda Guangzhou na Yiwu kufuata mzigo. Anasema ukifika, swali la kwanza unaloulizwa ni unataka ya bei gani, na kila bei ina kitu chake kilichopunguzwa. Ukitaka ishuke tena, wanapunguza shaba. Ukitaka ishuke zaidi, wanatoa waya wa ethi. Anayekaa mezani na kukubali ni mfanyabiashara wetu sisi, kwa lugha yetu, akijua vizuri kwamba atakayeichomeka Mbagala au Mwanza hataifungua.

Sheria zipo. Shirika la Viwango, TBS, tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa hukohuko zinakotoka kabla hazijapakiwa, na mzigo uliopita unapewa cheti. Bidhaa bandia zinazotumia nembo ya mwingine ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Lakini mnunuzi aliye mbele ya meza Kariakoo hana cheti cha mtu mkononi, ana boksi. Na boksi linasema chochote kilichochapwa juu yake. Ile CE, kwa mfano, kwenye vifaa vya namna hii ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba ametimiza masharti ya soko la Ulaya. Mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuibandika. (Kuna stori mtaani kwamba herufi zikisogeleana maana yake ni bidhaa ya Kichina ya kuuza nje. Msiitegemee. Zilizokaa vizuri nazo zinabandikwa na matapeli.)

Wapo pia wanaoniambia ughali nao si kinga, na hapo nakubaliana nao. Samsung Galaxy Note 7 ya 2016 haikuwa simu ya bei chee, na betri zake ziliwaka moto. Lakini tazama kilichofuata: kampuni ilizirudisha dunia nzima na kuacha kabisa kuitengeneza, kwa sababu kila simu ilikuwa na namba na kila mtu alijua amlaumu nani. Ekstensheni yangu ya elfu nane haina wa kuirudisha. Hata kama kiwanda kingegundua kesho kwamba toleo zima lina kasoro, kingemtangazia nani, kwa jina gani? Sasa nikishika boksi lolote la umeme, kitu cha kwanza ninachotafuta ni jina na anwani. Nikikosa, sihitaji hata bisibisi. Kijana mmoja aliniambia "mama, utabaki bila kitu". Nikabaki bila kitu siku ile, na nikanunua kesho yake kwingine.

Maksi zangu: ya elfu nane, sifuri. Mzee aliikata vipande ili asije mtu akaiokota jalalani na kuitumia, maana huku kwetu kila kitu kinaokotwa. Ya elfu kumi na nane, nne kwa kumi, kwa vitu vidogo tu. Ya elfu thelathini na nane, nane kwa kumi. Draya ikikaa kazini saa nzima, waya na plagi haviongezi joto la kusikika mkononi.

Mbili nimezikata kwa sababu hizi. Waya wake ni mita tatu tu, haufiki kwenye sinki la kuoshea nywele, na ya mita tano wanaongeza elfu kumi na mbili. Na matundu manne ni machache, ingawa hata yangekuwa kumi hesabu haibadiliki: ampea 13 kwa volti 230 ni takribani wati 3000 kwa ekstensheni nzima. Jagi langu ni wati 2000, draya 1200. Vikiwaka pamoja nimeshavuka. Kwa hiyo wateja wa kuosha wanasubiri draya izimwe, wengine wananung'unika, na kuna mmoja amehamia saluni ya pili kutoka hapa kwa sababu hiyo. Huko wanachomeka vyote kwa pamoja, kwenye ile nyeupe yenye swichi nyekundu.