Somo lilelile mtandaoni, mara ya pili: safari hii nilijua pa kuanzia

Mimi ni mtunza stoo katika duka la spea Kirinyaga Road, mwaka wa tisa huu. Shokomzoba za Probox naweza kukutolea hata stima ikipotea. Nilichokosa ni cheti, ndiyo maana nikajiandikisha diploma ya ununuzi na ugavi katika chuo kimoja hapa Nairobi, masomo yote kwa mtandao. Jina la chuo sitalitaja. Bado nina masomo matano mbele yangu na sitaki kusahihishwa kwa hasira.

Somo ninalolipima hapa ni uhasibu wa gharama. Nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifeli. Mara ya pili ilikuwa Septemba, baada ya chuo kutangaza kwamba kimelisuka upya lifikie viwango. Karo ni shilingi 14,500, na anayerudia halipi nusu, analipa yote. Kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nianze na lile la zamani. Ukifungua ukurasa wake kwenye Moodle, jukwaa chuo kinakowekea masomo, ulikutana na faili 31 zimemwagwa kama injini iliyofunguliwa barazani na fundi akaenda kunywa chai. Mbili zilikuwa na jina moja na yaliyomo tofauti. Noti za wiki ya nne zilikuwa picha za daftari la mtu, zimelala ubavu, na kwenye ukurasa wa tatu kidole gumba cha mpiga picha kimefunika jibu. Video ilikuwa moja tu, ya saa moja na dakika 52, jenereta ikinguruma nyuma ya mwalimu. Niliitazama kwa bando langu usiku wa manane, nikalala, nikaamka bando limekwisha na mwalimu bado anaongea.

Najua ilikotoka hali hiyo. Machi 2020 masomo yalipofungwa kwa sababu ya korona, vyuo vilikimbilia mtandaoni kama watu wanaokimbia mvua, kila mtu na alichoshika mkononi. Lakini mvua ile imeanuka zamani, na sisi bado tulikuwa tunalala kwenye kibanda kilekile.

Siku ya kufungua muhula mpya, mratibu alitueleza kwamba walichukua kipimo cha Quality Matters, mpango wa Marekani ulioanzia Maryland mwaka 2003 kwa ruzuku ya serikali, wakaanza kujikagua nacho. Kina vigezo vikuu 8, na kozi haipiti bila asilimia 85 pamoja na kutimiza kila kigezo cha lazima. Nilidhani ni maneno ya mabango. Kisha nikafungua somo.

Juu kabisa palikuwa na kisanduku kimoja: anza hapa. Ndani yake, dakika nne za mwalimu akijitambulisha, orodha ya wiki 12, kila wiki na kazi zake na makadirio ya saa utakazotumia. Jambo dogo hilo, lakini sisi wa stoo tunajua tofauti ya rafu yenye kadi na rafu isiyo na kadi. Mzigo unaweza kuwa uleule. Kinachopungua ni muda wa kuutafuta.

Video zimekatwakatwa, nyingi dakika tano au sita, na maandishi yake yako chini kwa asiye na bando. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa 2014 wa Philip Guo na wenzake, waliochambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona zilizowashika watu zaidi ni zile fupi, chini ya dakika sita. Nikaikumbuka ile jenereta kwa uchungu.

Ila kilichonifanya niandike tathmini hii ni wiki ya tano.

Zamani lengo la wiki hiyo lilisema mwanafunzi “ataelewa uthaminishaji wa bidhaa”. Utaelewa! Nani atapima kama nimeelewa, na kwa rula gani? Tulisoma fasili, halafu mtihani ukaja na hesabu ambazo hatukuwahi kuzigusa. Hapo ndipo nilipofelia. Sasa lengo linasema utaweza kukokotoa thamani ya bidhaa zilizobaki stoo kwa njia mbili na kueleza kwa nini majibu yanatofautiana. Video inafanya hivyohivyo, zoezi linakuomba hivyohivyo kwa bidhaa zako mwenyewe, na jaribio linapima hilohilo. Mwalimu mmoja wa Australia, John Biggs, aliliandikia jambo hili mwaka 1996: lengo, kazi na mtihani viangalie upande mmoja. Mimi ningesema plagi iingie kwenye tundu lake.

Nilichukua brekipedi zetu halisi. Boksi 40 tulizonunua kwa shilingi 1,800, boksi 60 zilizofuata kwa 2,050, tukauza 70. Zikabaki 30. Ukihesabu kwamba zilizoingia kwanza ndizo zilizotoka kwanza, stoo ina mali ya shilingi 61,500. Ukitumia wastani, ni 58,500. Boksi ni zilezile, rafu ni ileile, na shilingi 3,000 zimetokea kwenye kalamu. Nilimwonyesha mzee mwenye duka. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akauliza, “Sasa sisi miaka yote hii tumekuwa tukitumia ipi?” Kusema kweli, tulikuwa tukitumia ya kukisia.

Tena kuna hili. Somo la zamani lilitumia wiki nzima kwa njia ya tatu, ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, bila kutuambia kwamba kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa za stoo, IAS 2, kiliiondoa njia hiyo katika marekebisho ya 2003. Kenya inafuata viwango hivyo. Yaani tulikuwa tunakaririshwa kitu ambacho ukikiweka kwenye hesabu za kampuni hapa, mkaguzi atakirudisha. Somo jipya limekipa aya moja na onyo. Nadhani kuliko usanifu wote wa rangi na visanduku, aya hiyo ndiyo iliyonionyesha kwamba kuna mtu aliketi akalisoma somo lake mwenyewe upya.

Kasoro sasa. Majedwali ya mazoezi hayakai kwenye simu. Safu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye jumla, inakatika, na ukisogeza kulia unapoteza safu ya kwanza. Ilibidi nitumie kompyuta ya dukani baada ya kufunga, kijana wetu wa kaunta akinisubiri na funguo mkononi, “Auntie, unafunga ama unahamia?” Majaribio nayo hayasamehi mtandao. Nilikuwa kwenye matatu ya Githurai, tukaingia chini ya barabara pale Pangani, mtandao ukapotea, na nilipotokea upande wa pili jaribio lilikuwa limejikabidhi lenyewe na maswali sita matupu.

Lakini hayo ya mashine naweza kuyavumilia. Lililoniumiza ni la mtu. Ukurasa unaahidi, kwa herufi nzito, kazi kurudishwa ndani ya siku 7. Yangu ilirudi siku ya 24, nikiwa nimeshakabidhi mbili nyingine zenye kosa lilelile. Alama 18 kati ya 30, na maoni ya neno moja: “Vizuri.” Alama 12 zimeenda wapi? Nilimwandikia, “Mwalimu, shikamoo, naomba unionyeshe nilipokosea.” Mpaka namaliza somo, ujumbe ulikuwa haujasomwa.

Nilimuuliza mratibu, kwa adabu, inakuwaje somo lililokaguliwa kwa kipimo cha Quality Matters likawa na ahadi isiyotimizwa. Akanijibu jibu ambalo ni la kweli na halinisaidii: kipimo kile kinakagua usanifu wa kozi, hakikagui ufundishaji. Kinaangalia kama ahadi ya siku 7 imeandikwa. Kama mwalimu anaitimiza, hilo ni jambo la chuo na mwalimu wake. Mratibu mwenyewe alisema hatutarudi kwenye mambo ya 2020, na kwa upande huo namwamini.

Nilipita, alama 67. Nalipatia somo hili nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyosalia ya nyota ya nne ilibaki kwenye ile siku ya 24. Kama unafanya kazi ya stoo, duka au ununuzi, na una hata kompyuta ya kuazima, lisome. Kama una simu peke yake, subiri watengeneze majedwali.

Mimi nimeshajiandikisha somo la ushuru la Januari. Kabla ya kutuma M-Pesa nilipiga simu ofisini nikauliza jambo moja tu, nani atakayesahihisha. Msichana wa mapokezi akanyamaza, akaniomba nisubiri kidogo, ule wimbo wa kungojea ukaanza. Ulizunguka mara mbili kabla simu haijakatika.