Friji la kwenye gari: pima waya kabla ya kuchagua jina

Kila baada ya sikukuu napokea malalamiko yanayofanana. Mtu ametoka Mtwara mjini Ijumaa jioni na familia yake, amepiga hema Msimbati, nyuma ya Prado au Land Cruiser yake ya zamani kuna friji jipya lililojaa kolekole na maji ya watoto. Saa nane usiku friji limezima. Asubuhi samaki wameanza kulegea. Jumatatu friji linapelekwa kwa fundi, fundi anawasha gari, friji linafanya kazi vizuri kabisa, na mwenye nalo anaambiwa ama gesi imepungua ama kompresa inakaribia kufa. Basi ananiandikia: dada, safari hii ninunue la kampuni gani?

Nitazitaja kampuni, na nitazipanga ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini nasema mapema kwamba wengi wa hao walioniandikia hawakuwa na friji bovu. Walikuwa na waya mwembamba.

Mambo ya lita ngapi, rangi gani, na kama friji linaongea na simu, sitayagusa. Hayo muuzaji yeyote atakueleza kwa furaha. Kitu ambacho hatakueleza ni namna umeme unavyosafiri kutoka betri iliyo mbele hadi friji lililo nyuma, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.7 ikiwa imetulia. Ikifika nusu husoma karibu 12.2. Mafriji mengi ya gari yana ulinzi wa betri: umeme ukishuka chini ya kiwango fulani friji linajizima lenyewe ili asubuhi gari liweze kupiga stata. Kwenye mafriji mengi, ulinzi ukiwekwa juu kabisa, kiwango hicho kiko kati ya volti 11 na 12. Utaratibu mzuri, ila friji halijui hali ya betri yenyewe. Linachojua ni umeme uliolifikia, na njiani umeme umeliwa na waya.

Tupige hesabu. Kutoka betri hadi buti ya Land Cruiser, ukipitisha waya pembezoni, ni kama mita 6. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za waya. Friji likivuta ampia 5, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unakula karibu volti 0.7. Wa 2.5 unakula kama 0.4. Waya wa 6 haufikishi hata 0.2. Sasa chukua betri ya 12.2, toa 0.7 ya waya, kisha toa na kinachopotea kwenye tundu la kuwashia sigara, kwa sababu plagi ile imeshikwa na kispringi kidogo tu. Friji linasoma 11 na kidogo, linaamini betri imekwisha, linazima. Betri bado ina nusu.

Ndiyo maana fundi hakuona ugonjwa. Gari likiwaka, alteneta inayochaji betri inatoa volti 14 hivi, na hata waya wa hovyo ukila volti nzima, friji linabaki na 13. Tatizo huonekana usiku, injini imezimwa, fundi amelala kwake Chikongola na wewe uko ufukweni.

Kwenye magari yetu ya zamani kuna mwizi mwingine, naye ni bodi la gari linapotumika kurudisha umeme kwenye betri. Mafundi wengi huvuta waya mmoja tu wa chanya, halafu hasi wanaifunga kwenye boliti yoyote iliyo karibu na buti. Kwa gari lililoishi miaka mingi Mikindani, Shangani au Kilwa Masoko, boliti hiyo imekaliwa na kutu la chumvi, na kutu haipitishi umeme inavyotakiwa. Vuta nyaya mbili, chanya na hasi, zote hadi kwenye betri. Najua waya unakuwa mara mbili na gharama inapanda. Vuta hivyo hivyo.

Nyuma usiweke tundu la sigara. Weka soketi ya Anderson ya ampia 50, ile yenye vichwa viwili bapa vinavyobanana. Barabara ya Nachingwea kwenda Liwale ikitikisa gari saa nzima, plagi ya sigara itakuwa imejichomoa nusu, na hutajua hadi ufungue friji jioni. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sentimita 20 hivi. Ikikaa nyuma kule kwenye friji, waya wote wa katikati hauna ulinzi, na siku ukichunwa na chuma chini ya zulia, gari linaungua.

Kupima ni rahisi. Chukua mita ya umeme, zima injini, subiri kompresa ya friji iwe inafanya kazi, pima kwenye vichwa vya betri kisha pima kwenye soketi ya nyuma. Tofauti ikizidi volti 0.3, usinunue friji lingine. Badilisha waya.

Kwa wale ambao waya wao uko sawa, au watakaoniahidi kuushughulikia kwanza, huu ndio mpangilio wangu.

Namba moja ni Engel, na sioni haya kulipigia debe. Kompresa yake inatengenezwa na Sawafuji ya Japani, na haifanani na za wengine: ndani kuna pistoni inayosukumwa mbele na nyuma na sumaku, ndicho kitu pekee kinachotembea. Hakuna mkono wa kuzungusha, hakuna beringi za kusagika. Na kwa sababu haihitaji kuanza kwa kishindo, haivuti umeme mwingi ghafla inapowaka. Hilo ndilo linalonifanya niliweke juu. Kwenye gari la zamani lenye waya usio kamilifu, ule mvuto wa kuanza ndio unaoangusha volti na kuzima mafriji mengine. Bodi lake ni la chuma, unaweza kulifunga kwa mikanda na kupanda nalo Rondo mvua ikinyesha bila kuliwazia. La MT45, la lita 40 hivi, linatosha watu wanne kwa siku tatu kama hujazi bia peke yake.

Lina dosari. Ni zito, ni ghali, na chuma hicho hakiipendi chumvi. Ukitoka baharini lifute kwa kitambaa chenye maji baridi, hasa kwenye bawaba na chini ya vishikio. Ukinunua lililotumika, uliza kama lina ulinzi wa betri. Kama halina, lisiunganishwe kamwe na betri inayowasha gari, kwa sababu litainyonya hadi tone la mwisho na utabaki unatafuta watu wa kusukuma kwenye mchanga.

National Luna ya Afrika Kusini naiweka ya pili, na kwa mtu anayekaa porini wiki nzima anaweza kuiweka ya kwanza tusigombane. Kuta zake ni nene, zinashika baridi hata mchana wa Novemba ambapo ndani ya gari lililofungwa huwezi kugusa usukani. Kuna matoleo yenye vyumba viwili, kimoja cha kugandisha na kimoja cha kupoza. Anayenunua nguru Kilwa Masoko na nyanya Nangurukuru, kisha akaelekea Liwale, ataelewa faida yake: samaki anabaki jiwe, nyanya hazigandi. Taabu ni kuipata. Mara nyingi lazima uagize, na ukiagiza unalipa usafiri wa kitu kizito, ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake.

Dometic inafuata. Ni kampuni ya Sweden iliyoimeza WAECO, jina ambalo wenye magari ya zamani wanalikumbuka. Ni nyepesi kuliko hizo mbili, ina kioo kinachokuonyesha volti zinazolifikia friji, na hicho kioo kwangu ni sababu nzuri ya kuinunua: unaona tatizo la waya kabla samaki hajanuka. Ulinzi wa betri una ngazi tatu. Ukiwa na betri ya pili na waya mnene, weka ngazi ya kati. Ukitumia betri ileile ya gari, weka ya juu na ukubali kwamba litazima mapema. Mfuniko na vishikio ni plastiki, kwa hiyo usiruhusu watoto waukalie.

Mafriji ya bei chee yanayojaa mitandaoni yanapoza. Ukiwa unakwenda Mchinga kulala usiku mmoja yanatosha. Waya yanaokuja nao ndio mwembamba kuliko zote, ukate uweke mwingine.

Na kwa usiku mmoja au mbili, sanduku zito la barafu lililojazwa vizuri linashinda friji lolote lenye waya mbovu.

Sasa niseme la wauza nyaya, kwa sababu linanikera kweli. Kuna waya unauzwa kama shaba na si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini haipitishi umeme kama shaba, kwa hiyo waya wa 6 wa namna hiyo unafanya kazi kama waya wa 4 au chini yake, na kwenye hewa yetu ya chumvi maungio yake yanaoza haraka. Mtu amenisikiliza, ametoa hela ya waya mnene, fundi amefanya kazi safi, na friji linazima vilevile. Duka moja hapa Mtwara mjini waliniuzia rola nzima wakiniapia kuwa ni shaba tupu. Nilipowarudishia wakaniuliza risiti, na risiti walikuwa wameandika "waya" tu, bila kipimo wala aina. Mteja anabeba hasara, duka linaendelea kuuza.

Dukani nenda na kisu. Omba kipande, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ondoka. Ukiwa mwekundu wote, ni shaba. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, huo ni waya wa shaba uliopakwa bati, kama ule wa boti, na kwa watu wa pwani ndio bora kuliko wote kwa sababu chumvi haiuli haraka; ukiupata, nunua bila kusita. Muuzaji akikataa usikwangue, umeshapata jibu. Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa shaba, 6, mita ngapi. Ni haki yako, wala usione aibu kusimama pale hadi iandikwe. Wanasema bei itapanda wakitoa risiti. Bei ya duka lililonitapeli ilikuwa juu tayari.

Kuhusu bei za mafriji yenyewe, inaniuma kwamba friji lilelile linaongezeka thamani kila linapovuka mkono, na likifika kusini limevuka mikono mingi. Wakati daraja la Mkapa la mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, visingizio vya Rufiji na vivuko vilikuwa na maana. Leo barabara ya kutoka Dar ni lami, ingawa mvua za kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ziliikata barabara maeneo ya Kilwa na tukaona mambo. Kwa siku za kawaida sioni kwa nini tulipe nyongeza kubwa kiasi hicho. Ukiwa na ndugu Dar, mtume apime uzito na vishikio vya friji kwa mkono wake, lisafiri kwa basi.

La mwisho ni swali ambalo kaka mmoja wa Masasi ameniuliza, na ni zuri: gari lake ni Land Cruiser 80 ya dizeli iliyotoka Japani, ina betri mbili tayari, je, friji likae kwenye ya pili? Hapana. Baadhi ya magari hayo yana betri mbili kwa sababu stata yake ni ya volti 24. Unapogeuza ufunguo zinaunganishwa kwa mfuatano, halafu zinarudi 12 kwa matumizi mengine. Ukinyonya moja peke yake usiku kucha, asubuhi zinakutana moja imeshiba na nyingine ina njaa, stata inalegea, na betri zote mbili zinakufa kabla ya wakati. Kwa gari kama hilo, betri ya friji ni ya tatu, iwekwe nyuma karibu na friji lenyewe, yenye kitenganishi chake, yaani kifaa kinachoitenga na betri za gari injini ikizimwa, na paneli ya sola ya wati 100 juu ya keria. Paneli hiyo mchana wa jua hutoa hadi ampia 5 hivi, na betri ikikaa nyuma, waya wa kwenda kwenye friji unakuwa wa mita moja tu.