Kitana cha chuma kwa sungura wa manyoya marefu: nyota nne

Sungura wangu Pamba ni Angora. Kumfuga kwa joto la Mombasa ni kujitafutia kazi, najua, msinisute. Kaskazi ikivuma huku Kisauni hushinda kajinyoosha kwenye sakafu ya saruji, nami namwekea chupa ya barafu niliyoifunga kitambaa.

Zamani nilimchana kwa burashi laini ya mtoto. Juu akimeremeta kama katoka saluni. Nilipochukua kitana hiki, shilingi 350 kwenye duka la dawa za mifugo, ndipo nikajua burashi ilikuwa ikipapasa tu. Nyuma ya masikio, kwapani na karibu na mkia, manyoya yalikuwa yameshikana kama sufi ya mto mkongwe.

Meno ya kitana yanafika hadi ngozini, na ncha ni butu. Hilo ndilo nililolipia, maana ngozi ya sungura ni nyembamba mno. Shemeji yangu aliwahi kukata fundo kwa mkasi akakata na ngozi: ukivuta fundo, ngozi hupanda nalo. Sasa nabana shina la manyoya kwa vidole viwili, nachana kuanzia nchani, dakika kumi tu. Pamba akipiga mguu chini, naacha. Yanayong'oka nayaokota yote, kwani akiyameza hawezi kuyatapika.

Lakini kilichonifanya niandike ni chini ya taya. Nilipapasa donge, nikadhani ni fundo jingine, nikapigana nalo jioni mbili. Fundo la manyoya, meno ya kitana hupenya kati yake na ngozi, hapa yaligota. Nikayapuliza manyoya yakagawanyika, nikaona ngozi yenyewe ndiyo iliyotuna.

"Usilikamue, dada," daktari wa mifugo aliniambia. Lilikuwa jipu, limeanzia kwenye jino. Usaha wa sungura ni mzito kama jibini, hautoki kwa kufinywa. Ilibidi alazwe usingizi kwa dawa, jipu lipasuliwe, jino ling'olewe. Sasa anakula nyasi kavu kama zamani, na kila Ijumaa vidole vyangu hupita kwanza, kitana baadaye.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mpini umeshalegea, na hewa ya chumvi imeanza kuyatia kutu meno membamba. Nakipaka mafuta ya nazi, kisha nakifuta kabla ya kumchana. Burashi nimemrudishia mwanangu, achanie wanasesere wake.