Ufunguo wa Siri kutoka Lamu hadi Malindi: Ununue Nini?

Wenye nyumba za wageni huniletea swali moja hapa Langoni. Nakala za pasipoti za wageni ziko kwenye faili la kompyuta lililofungwa kwa ufunguo, kama vile neno la siri, na mhasibu yuko Malindi. Ufunguo umfikie vipi? Mteja mmoja alituma faili kwa barua pepe, kisha akatuma neno la siri kwa barua pepe ile ile. Mtu akiingia humo amepata kufuli na ufunguo wake. Niliumia, maana hizo ni amana za watu.

Ninayoiweka mbele ni Signal, programu ya simu ya kutumiana ujumbe, nayo haiuzwi. Tangu 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha njia yao, watu wawili wanaweza kupata siri moja hata kama kila wanachotumiana kinasikika njiani. Signal hujifanyia kazi hiyo yenyewe. Hatari iliyobaki ni mtu wa kati: anajifanya mhasibu kwako, na kwa mhasibu anajifanya wewe. Kwa hiyo linganisheni namba ya usalama, tarakimu 60 ambazo Signal huwaonyesha nyote wawili. Mkikutana, skanini msimbo wa QR simu kwa simu; msipokutana, someaneni kwa kupigiana, mradi sauti mnazijuana. Programu ikionya kwamba namba imebadilika, rudieni. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye kazi. WhatsApp nayo ina tarakimu kama hizo, basi aliye nayo tayari asihangaike.

Ukiwa na mafaili mengi ya kila siku, nunua YubiKey, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Angalia vizuri: ile ya bei nafuu, iitwayo Security Key, ni ya kuingilia akaunti tu. Ya kutunza ufunguo wa kufungulia mafaili ni YubiKey 5, ambayo hupita dola 50. Mhasibu anakupa ufunguo wake wa wazi, wa kufungia tu; wa kufungulia haumtoki mkononi. Ila ufunguo uliozaliwa ndani ya kifaa hautoi nakala. Kikimponyoka kwenye boti ya Mokowe, mafaili yote yamekwenda nacho. Ni heri anunue viwili, atengeneze ufunguo kwenye kompyuta isiyo na intaneti, autie katika vyote, kisha kimoja kikae nyumbani.

Bahasha yenye neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi ninaiweka juu ya flashi, na wateja hushangaa. Bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi kwenye mdomo, ikifunguliwa mara nyingi utaona. Flashi uliyompa dereva wa basi inaweza kunakiliwa Garsen ikafika Malindi haina alama yoyote. Tena, kufuta faili kwenye flashi si kuliondoa. Mara nyingi hubaki ndani. Ukilazimika, ibebe mwenyewe, na ukimaliza ivunje kwa nyundo.

Meseji ya kawaida usiitumie kabisa. Mtandao wa simu unaweza kuisoma kama ulivyoiandika.