Dawa ya mafua ya chupa: uzoefu wangu na kwa nini nimerudi kwenye kinu

Mwezi wa sita ukiingia tu hapa Dar, kale kaupepo ka kipupwe kakianza, ofisi nzima inapiga chafya na status za WhatsApp zinajaa matangazo ya dawa ya mafua ya chupa. Zile zenye tangawizi, limao, kitunguu saumu na asali, wengine wanaongeza pilipili kichaa na binzari, chupa ya nusu lita 15,000 na bodaboda unalipa mwenyewe. Nimeshanunua kwa wauzaji tofauti, wapo wazuri wapo wababaishaji tu, kwa hiyo haya naongea kama mteja, mimi sio daktari.

Nianze na ile iliyonifurahisha. Dada mmoja huku Tabata anatengeneza kwa oda, ukiagiza leo anasaga kesho asubuhi. Ukimeza kijiko koo linawaka, masikio yanapata moto, halafu dakika chache pua inaachia na makamasi yanatiririka mpaka unatafuta leso. Ndo kazi ya tangawizi na pilipili hiyo, yale makamasi mazito yanalainika unaanza kupumua, na usiku unalala bila kufungua mdomo. Chupa yake ukiiacha kwenye friji chini kunakaa unga mweupe mweupe hivi, msiogope, ni wanga wa tangawizi yenyewe, yani ukiuona ujue kweli kuna tangawizi imesagwa humo, unatikisa tu unakunywa.

Sasa kuna huyu mwingine nilimpata Insta, lebo ya dhahabu, picha kali, followers kibao. Chupa imefika imeshavimba, nafungua kifuniko kikaruka na povu likamwagika mezani, limeshachacha. Kuonja ni maji ya limao na sukari guru, asali hata harufu hakuna. Nimemuuliza akanijibu "mpendwa ndio asili yake hiyo, haina kemikali". Tarehe ya kutengenezwa hakuna, tarehe ya kuisha hakuna, halafu kwenye lebo ameandika inatibu mafua sugu, kifua kikuu, presha na nguvu za kiume. Kwenye chupa hiyo hiyo moja jamani! Juisi mbichi ya limao na tangawizi ikizungushwa na bodaboda juani ni rahisi kuchacha, hapo hakuna uasilia wowote.

Na tuelewane hapo kwenye kutibu. Mafua ni virusi, hakuna chupa inayoyaua, yanaisha yenyewe ndani ya wiki hivi mpaka siku 10, kikohozi ndo kinaweza kubaki nyuma kikakusumbua zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu akisema "nilikunywa nikapona wiki ileile" simbishii ila angepona tu. Mimi hivi vitu navilipia kwa ajili ya nafuu, koo lisiwashe, pua ifunguke, nilale. Na wale wa kukimbilia duka la dawa kununua amoksilini kwa mafua ya kawaida nao wanatupa hela, antibayotiki haigusi virusi.

Kwa sasa najitengenezea. Tangawizi ya buku ile ya Same, ina nyuzi nyingi na ukali wa kutosha, nakata kipande kama kidole gumba siimenyi naosha tu, natwanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu mpaka maji yake yaanze kuloanisha mchi, natia kwenye sufuria na vikombe viwili vya maji, karafuu tatu nne na mchaichai kama upo, inachemka taratibu kama robo saa nachuja. Limao na asali naweka mwishoni kabisa chai ikishapoa kidogo, ukiiweka asali kwenye maji yanayotokota ile harufu yake inapotea unabaki na utamu tu. Asali natumia ya Tabora, ile nyeusi nyeusi ya nyuki wakubwa. Na kama kuna kitu kimoja kwenye orodha yote hii naweza kukitetea mbele ya daktari ni asali, kwa kikohozi cha usiku inatuliza kweli, hata watafiti wameipima kwa watoto. Ila mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja USIMPE, hata ya kulamba kidoleni, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi bado. Bibi zetu watabisha, wacha wabishe.

Kitunguu saumu nilikiacha. Wanasema ukikiponda ukiache kama dakika kumi ndo kinatoa nguvu yake, sawa, lakini kibichi kinachoma tumbo na kesho yake kwenye daladala watu wanakukwepa. Mwenye vidonda vya tumbo asikiguse hivyo, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza, hata kwa hiyo tangawizi nyingi.

Kujifukiza najua mtaniuliza. Tulijifukiza sana ile 2020 na 2021 wakati wa korona, malimao yakapanda bei, kila nyumba inanuka mkaratusi. Mama mkwe wangu mpaka leo nikimwambia "mama nina mafua" anauliza kama nimeshaweka majani jikoni. Raha yake ipo, mvuke unafungua pua, ila ukitoka tu imeziba tena, na ile sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi mimi inaniogopesha, hasa kwa watoto, kuungua ni sekunde moja. Mimi naoga maji ya moto mlango umefungwa, imetosha.

Na mkiona homa kali msikae na chai, huku kwetu homa inaweza kuwa malaria au dengue, nenda kapime. Kubanwa pumzi, kifua kuuma, mtoto kupumua haraka haraka, hayo ni ya hospitali moja kwa moja.

Maksi zangu: chupa ya dada wa Tabata 4 kati ya 5, nimemkata moja kwa sababu na yeye haandiki tarehe. Ya Insta 0. Ya kinu changu 4 na nusu. Kama kuna mdau anamjua muuzaji mwenye usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala na anayeandika tarehe kwenye chupa anitumie namba inbox, maana kutwanga tangawizi saa nne usiku huku pua zote mbili zimeziba sio kazi ndogo.