BOLD katika utambuzi wa funza wa maiti: huduma nzuri, ila isomwe kwa makini

Umri wa funza aliyeokotwa kwenye maiti husaidia kukadiria kifo kilitokea lini, lakini umri huo haukadiriki bila kujua ni funza wa nzi gani, kwa kuwa kila spishi hukua kwa kasi yake hata katika joto lile lile. Mayai na funza wachanga hufanana mno chini ya darubini, na kuwafuga hadi wawe nzi kamili huchukua siku nyingi, tena haiwezekani ikiwa wamefika maabara wakiwa wamekufa. Hapo ndipo BOLD, hifadhidata ya misimbopau ya DNA (vipande vifupi vya DNA vinavyotambulisha spishi) iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, inapofaa: unabandika mfuatano wa sehemu ya COI, jeni iliyomo kwenye mitokondria za seli, wenye herufi zipatazo 658, nayo inakupa orodha ya vielelezo vinavyoukaribia pamoja na asilimia za mfanano.

Huduma hii ni ya bure, ingawa ubure wenyewe unaanza pale gharama zinapokwisha, maana kutoa DNA kwenye funza, kuizidisha kwa kutengeneza nakala nyingi na kuisoma ni juu ya maabara yako. Ninaipendelea kuliko GenBank, hifadhidata kubwa ya umma ya mifuatano ya DNA, kwa sababu vielelezo vyake vingi huambatana na picha ya mdudu, mahali alipokamatwa na taasisi inayomhifadhi, hivyo jina likitiliwa shaka unaweza kulifuatilia hadi kwa nzi mwenyewe.

Udhaifu mkubwa umo ndani ya jeni yenyewe. Nzi Lucilia caesar na Lucilia illustris wa Ulaya wamekaribiana kwenye COI kiasi kwamba mfanano wa asilimia 99 hautoshi kumtenga mmoja na mwenzake. Barani Afrika kuna Lucilia sericata na Lucilia cuprina, ambao wamewahi kuzaliana; kwa kuwa COI hurithiwa kutoka kwa mama pekee, nzi mwenye asili ya mchanganyiko huo anaweza kupewa jina moja lisilo na doa lolote, na bado likapotosha. Kwa hao ni lazima isomwe pia jeni ya kiini cha seli, mfano 28S. Funza aliyekomaa wa Chrysomya albiceps, kwa upande wake, amejaa vinundu kama miiba mwili mzima, na sioni haja ya kumpotezea kemikali za kupima DNA, isipokuwa pale anapoweza kuchanganywa na Chrysomya rufifacies.

Kinachoniudhi ni utafutaji unaojumuisha rekodi ambazo hazijachapishwa, kwani kielelezo kinachoongoza orodha kinaweza kuonyesha jina na asilimia tu, huku taarifa zake nyingine zikiwa zimefungwa. Kwa mtafiti wa ikolojia hilo linavumilika, lakini mahakamani, wakili wa utetezi akitaka kujua ni nani aliyemtambua nzi yule na kwa vigezo gani, shahidi hatakuwa na la kujibu. Kwa kazi ya jinai ningetafuta kwenye rekodi za umma pekee, hata kama orodha itapungua.